Kuziba Sakafu ya Saruji kwa Gharama Ndogo

Siku hizi mtu akijenga banda la motokaa, au chumba cha pikipiki, au ghala la mazao, hutaka sakafu yake iwe ya saruji. Neno hili ni jema na twalisifu. Lakini wengi, baada ya mwaka mmoja au miwili, hulalamika kwamba sakafu yao hutoa vumbi jeupe kila ifagiliwapo, na oili ikidondoka hunywewa mara moja ikaacha waa lisilotoka, na masika yakiingia huota unyevu. Hapo huenda dukani wakaonyeshwa rangi za thamani kubwa zitokazo ng'ambo, wakarudi nyumbani wamekata tamaa. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwamba iko njia ya kuiziba sakafu kwa fedha kidogo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni maji, sabuni, brashi na subira. Walakini yapasa kwanza kufahamu kwa nini sakafu hutoa vumbi, maana asiyejua asili ya ugonjwa hununua dawa yoyote aonyeshwayo.

Watu wengi hudhani kwamba saruji hukauka kama udongo wa ukuta ukaukavyo juani. Mambo sivyo yalivyo. Unga wa saruji ukikutana na maji huungana nayo, na katika muungano huo huota vijiti vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vikashikamana vijiti hivi na mchanga na kokoto hata vyote vikawa jiwe moja. Kwa hivi saruji yaweza kuwa ngumu hata chini ya maji ya bahari, wala haihitaji jua. Katika muungano huo huo hutokea kitu kingine, nacho ni chokaa, kikabaki ndani ya vitundu vya sakafu. Twawaomba wasomaji waikumbuke chokaa hii, kwa kuwa tutaihitaji mbele.

Basi vumbi latoka wapi? Aghalabu latoka katika maji yaliyozidi. Saruji huhitaji maji kiasi tu. Lakini zege lenye maji machache ni zito kulisukuma, na kibarua aliyechoka huongeza ndoo moja, kisha nyingine, hata likawa kama uji. Maji yale ya ziada hayana kazi ya kufanya. Hupanda juu polepole kama jasho, yakabeba pamoja nayo unga mwepesi wa saruji na matope ya mchanga, yakaviacha juu. Ngozi ile ya juu, ambayo mwenye nyumba huipapasa akafurahi kwa ulaini wake, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Na vitundu yalimopita maji hubaki wazi, ndimo oili iingiamo baadaye. Tena wako mafundi ambao wakiona maji yamesimama juu ya sakafu hunyunyiza saruji kavu ili yanywewe upesi, wapate kupiga mwiko na kwenda zao kabla ya magharibi. Sakafu ya namna hiyo hung'aa siku ya kulipwa ujira, na baada ya miezi michache humenyeka.

Sababu ya pili ni jua na upepo. Zege likiachwa wazi siku ya kwanza, maji yake hukimbia kabla ya muungano kukamilika, na unga uliokosa maji hubaki unga. Kwa hiyo mtu ambaye bado hajamwaga sakafu yake na asikie neno hili: dawa iliyo rahisi kuliko zote ni maji ya kumwagia sakafu mpya kwa muda wa siku 7, mfululizo, usiku na mchana isikauke. Tandika magunia yaliyoloweshwa, au mchanga mbichi, au nailoni pana iliyowekewa mawe pembeni. Vipimo vya zege viwe debe 1 la saruji, madebe 2 ya mchanga na madebe 4 ya kokoto, na chini ya zege itandikwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu wa ardhi. Mchanga uwe wa mto, uliosafika. Ukitaka kuujaribu, utie katika chupa ya kioo hata nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache chupa imetulia kwa saa chache. Matope yatakaa juu ya mchanga kama tabaka, nayo yakizidi sehemu 1 katika 12 ya mchanga, uoshe mchanga huo au utafute mwingine. Mchanga wa pwani usiooshwa haufai, kwa kuwa chumvi yake huvuta unyevu na kula chuma.

Wazee wa pwani walilijua neno hili la kufunga vitundu kabla saruji haijafika kwetu. Neno lenyewe sakafu asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni dari au paa. Maana katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, dari ya chini ndiyo sakafu ya juu. Boriti za mikoko zilipangwa, juu yake yakawekwa mawe na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, kisha watu wakaipiga kwa vipande vya miti siku nyingi kwa nyimbo, hata ikashikana. Na bara, akina mama wanaosiriba sakafu ya udongo kwa samadi ya ng'ombe hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, yaani kulaza vumbi na kuziba nyufa. Kwa hiyo kuziba sakafu si jambo geni. Ni dawa tu zilizobadilika.

Sasa twaja kwa mtu ambaye sakafu yake imekwisha kuwako na inamsumbua. Kabla ya kutoa senti moja na aipime. Aifagie, kisha aifagie tena mara ya pili mahali pale pale: ikiwa vumbi jeupe latoka kama kwanza, basi vumbi hilo ni la sakafu yenyewe, halikuletwa na upepo. Achukue msumari aukwaruze. Msumari ukiacha alama nyembamba nyeupe, sakafu ina nguvu. Ukichimba mfereji kama katika mkate mkavu, hakuna dawa ya kupaka itakayoiponya, na yafaa kujua hivyo mapema. Kisha adondoshe matone ya maji mahali mbalimbali. Maji yakinywewa mara moja, vitundu viko wazi na dawa itaingia. Yakisimama kama maji juu ya jani la mgomba, pana oili au nta, na hapo dawa haitashika mpaka paoshwe.

Jaribio lililo kubwa ni la unyevu. Kata kipande cha nailoni isiyo na tundu, upana inchi 18 na urefu inchi 18, ukilaze juu ya sakafu iliyokauka, ukibandike pande zote nne kwa utepe wa gundi pasiwe na mahali pa hewa kupita. Kiache tangu jioni hata asubuhi, au zaidi. Ukikifunua ukaona matone chini yake, au sakafu imekuwa nyeusi kuliko mahali pengine, basi unyevu watoka ardhini. Jaribio hili gharama yake ni karibu na bure, nalo limewaokoa watu wengi na hasara ya rangi.

Unyevu huo usidharauliwe, hasa na wale wanaoweka motokaa upande mmoja wa banda na magunia ya mahindi upande wa pili. Mwaka 2004 katika wilaya za Makueni na Kitui na majirani zao, nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa, kwa kula mahindi yaliyowekwa hali yana unyevu. Hatusemi kwamba sakafu ndiyo iliyowaua; mahindi yasiyokaushwa vema huota ukungu hata juu ya sakafu iliyo nzuri. Lakini gunia lililolazwa juu ya saruji yenye unyevu hunywa unyevu huo kwa chini, ambako mwenyewe haoni, na mahindi yaliyoingia makavu hugeuka. Wala isidhaniwe kwamba ukiziba sakafu waweza kulaza magunia chini. La, sharti yakae juu ya chaga, yaliyoinuliwa kwa kadiri ya upana wa kiganja, na mbali kidogo na ukuta.

Ikiwa nailoni imeonyesha matone, dawa yake iko nje ya banda. Tazama udongo wa nje: je, u juu kuliko sakafu? Tazama maji ya paa: je, yaangukia msingini? Chimba mfereji wa kuyaongoza maji, punguza udongo uliopanda, weka bomba la kukinga mvua. Mara nyingi hayo yatosha, na baada ya kiangazi kimoja sakafu hukauka. Jambo la kukatazwa ni kuipaka rangi nzito sakafu yenye unyevu. Unyevu ukikosa njia hujikusanya chini ya rangi, ukaisukuma, ikavimba kama malengelenge na kubanduka vipande vipande.

Baada ya kupima ni kusafisha, na hapa ndipo wengi wanapoikosea kazi yote, kwa kuwa kusafisha hakupendezi. Kwanza nyunyiza maji kidogo ndipo ufagie, maana vumbi la zege lina chembe za mawe makali mno ambazo zikivutwa pumuni miaka mingi huleta ugonjwa wa mapafu usio na dawa. Na funga kitambaa puani, hata ukinyunyiza. Mahali palipo oili mbichi, mwaga maranda ya seremala au majivu makavu, yakanyage, yaache usiku kucha, kisha yakusanye. Halafu chemsha maji, tia sabuni ya unga na magadi yaliyopondwa, umwage, na usugue kwa brashi ngumu. Waa la zamani litahitaji mara tatu au nne. Wengine hutumia petroli kuondoa oili. Tunawasihi waache, kwa kuwa mvuke wa petroli hutambaa chini kwa chini katika banda lililofungwa hata ukikuta jiko au cheche ya swichi, na hapo motokaa, banda na mwenyewe huenda pamoja. Mwisho suuza kwa maji mengi mpaka yatoke safi, tena uache pakauke siku mbili au tatu.

Nyufa ndogo zitengenezwe wakati huu. Pachimbe kidogo kwa patasi, toa vumbi lote, loweka kwa maji, kisha jaza saruji 1 na mchanga mwembamba 2, ukafunike kwa gunia bichi siku saba. Ufa unaopanuka na kufunga kila mwaka kwa sababu ya udongo mweusi wa mbuga utafunguka tena, na si lawama ya fundi.

Basi twafika kwenye dawa yenyewe. Dawa tuipendayo kuliko nyingine kwa sakafu ya banda ni silikati ya sodiamu. Jina lake ni la kutisha, lakini kitu chenyewe hakina ugeni. Ni maji mazito, yenye kutiririka kama asali, yafanywayo kwa kuyeyusha mchanga mweupe na soda katika tanuu yenye moto mkali. Soda hiyo ni ndugu wa magadi yatolewayo katika Ziwa Magadi huko Kenya. Watengenezaji wa sabuni huitumia kila siku, na kwa hiyo yapatikana katika maduka yauzayo vifaa vya kutengenezea sabuni katika miji yetu mingi, kwa kilo au kwa dumu. Huko Uingereza, wakati wa vita ya 1914 hata 1918 na vita iliyofuata, wake wa nyumbani walitumbukiza mayai katika maji ya silikati ili yakae miezi mingi bila kuoza, kwa kuwa dawa hii huziba vitundu vya ganda. Katika sakafu hufanya kazi inayofanana na hiyo. Hapa mkumbukeni ile chokaa tuliyoitaja. Silikati ikiingia katika vitundu vya saruji hukutana na chokaa, vikaungana, na kugeuka kuwa kitu kile kile kinachoipa saruji nguvu yake. Kwa hiyo haikai juu kama rangi wala haibanduki, kwa kuwa imekuwa sehemu ya sakafu.

Namna ya kuitumia ni hivi. Sakafu iwe imepata mwezi mmoja au zaidi tangu kumwagwa, imeoshwa na kukauka. Chagua asubuhi, kabla ya joto. Kwa mara ya kwanza changanya kipimo 1 cha silikati na vipimo 4 vya maji safi, koroga vema. Mwaga kidogo kidogo, ueneze kwa brashi laini pana au ufagio wa nywele, ukianzia ukuta wa ndani na kurudi nyuma kuelekea mlangoni; tumemwona mtu mwenye elimu yake akianzia mlangoni. Sakafu inywe kadiri iwezavyo, lakini dimbwi lisiachwe, maana likikauka hufanya utando mweupe kama kioo kilichopasuka, na kuuondoa ni kazi ya kusugua kwa jiwe. Acha hata kesho. Kesho yake osha kwa maji matupu, acha pakauke, na upake mara ya pili, safari hii kipimo 1 kwa vipimo 3. Siku inayofuata fanya hivyo hivyo mara ya tatu. Sakafu ikikataa kunywa mara ya tatu, imekwisha kushiba, usiilazimishe.

Silikati huwasha ngozi na ni hatari kwa macho, basi vaa viatu vya mpira, mipira ya mikono na miwani, na watoto wasikaribie. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha enda hospitali. Ikiangukia kioo cha dirisha au cha motokaa ifutwe pale pale, kwa kuwa ikikauka hula kioo.

Kiasi gani chahitajiwa? Tuseme banda lina futi 10 kwa 18, yaani futi 180 za eneo, ambazo ni karibu na meta 17 za mraba. Litre 1 ya mchanganyiko hutosha kama meta 4 za mraba katika sakafu ya kawaida, kwa hiyo mara moja huhitaji litre 4 na zaidi. Tuseme 5 ili isipungue. Mara ya kwanza silikati ni litre 1 na maji litre 4. Mara ya pili silikati litre 1 na robo, na ya tatu vivyo hivyo. Jumla yake ni litre 3 na nusu tu za silikati kwa banda zima. Mwenye kutaka kununua na ailinganishe bei ya hizo na bei ya makopo mawili ya rangi ya sakafu katika duka la mji wake, naye ataona mwenyewe.

Haipasi kuisifu dawa hii kupita kiasi. Itazuia vumbi, na kuifanya ngozi ya sakafu kuwa ngumu zaidi, na oili haitaingia upesi kama kwanza. Lakini oili ikiachwa wiki nzima bado itaacha waa. Haizuii unyevu wa ardhi. Wala haiwezi kuigeuza sakafu iliyofanywa kwa saruji kiganja na mchanga toroli kuwa jiwe, kwa sababu pasipo saruji hapana chokaa ya kuungana nayo. Sakafu ya namna hii, ambayo msumari umeichimba, haina budi kuchongwa juu hata ipate mikwaruzo mikali, kuloweshwa, na kumwagwa tabaka jipya lenye unene wa inchi 1 na nusu. Twasema inchi na nusu kwa makusudi. Wengi hupaka niru nyembamba juu ya sakafu ya zamani wakidhani wameitengeneza; gurudumu la motokaa likigeuka juu yake mara chache, humenyeka kama ganda la kitunguu.

Penye shida ya kupata silikati yako mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo maseremala huyatumia kwa mbao. Huchanganywa nusu kwa nusu na tapentaini, hupakwa kwa uchache juu ya sakafu kavu, huachwa siku moja au mbili, kisha hupakwa tena. Hayo nayo huzuia vumbi na maji vizuri, ila hufanya sakafu kuwa nyeusi, na baada ya miaka kadhaa hutaka kurudiwa. Lakini yana hatari moja ambayo kila mwenye kuyatumia sharti aijue. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakikunjwa na kutupwa pamoja kwenye pembe, hupata moto yenyewe bila kiberiti, kwa kuwa mafuta hayo yakikauka hutoa joto. Yatandazwe nje moja moja hata yakauke, au yatumbukizwe katika ndoo ya maji, na yasilale ndani ya banda hata usiku mmoja. Wakati wa kupaka pasiwe na taa ya moto wala sigara, na milango iwe wazi.

Kuhusu oili chafu ya injini, ambayo watu humwaga sakafuni ili kulaza vumbi, maoni yetu ni mafupi: ni desturi mbaya. Kweli vumbi hulala, na hiyo ndiyo sababu watu huipenda, tena ni ya bure. Lakini haikauki kamwe. Hushika nyayo, ikaingia nyumbani na watoto, huteleza, ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka yaweza kuleta kansa, mvua ikiisukuma nje huharibu maji ya kisima. Na sakafu iliyokunywa oili hiyo imejifungia mlango, maana baadaye haikubali silikati, wala rangi, wala saruji mpya. Tulipata kuliona ghala moja la mazao lililomwagiwa hivyo na watu wenye nia njema kabisa. Magunia ya chini yalinuka oili, na mnunuzi akayakataa.

Wako watakaotaka rangi, kwa ajili ya uzuri au kwa kuwa banda ni mahali pa biashara. Hatuwazuii. Rangi za epoksi, zile zenye makopo mawili ya kuchanganywa pamoja, ni imara sana zikipakwa juu ya sakafu kavu iliyokwaruzwa. Rangi za bei ndogo huchubuka penye magurudumu, kwa sababu mpira uliotoka njiani na joto lake hushikamana na rangi, na motokaa ikiondoka asubuhi huing'oa. Mafundi wengine hutumia asidi ya chumvi ili kuikwaruza sakafu kabla ya rangi. Kwa kazi ya silikati haihitajiwi hata kidogo, na kwa kazi ya rangi twaona heri brashi ya waya na jiwe la kusugulia, pamoja na maji ya kulaza vumbi. Akiwako alazimikaye kutumia asidi, na atie asidi ndani ya maji, asitie maji ndani ya asidi, kwa kuwa huchemka na kuruka usoni. Wala asiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, maana hutoa hewa ya sumu iliyotumiwa kuulia watu katika vita ya 1914. Nta nyekundu ya sakafu ni nzuri sebuleni, lakini katika banda ni utelezi mtupu.

Walimu nao watafaidika na maneno haya, kwa kuwa darasa lenye sakafu ya vumbi, likiongezewa vumbi la chaki, huwakohoza watoto mwaka mzima. Darasa la futi 20 kwa 24 litahitaji silikati kama litre 9 au 10 kwa hesabu ile ile, na kazi yaweza kufanywa na watu wazima wanne katika wiki moja ya likizo, madirisha yakiwa wazi na wanafunzi hawapo. Wakuu wa vijiji walio na zahanati au ghala la ushirika na wafikiri kununua dumu moja kubwa kwa majengo yote, kwa kuwa bei ya jumla ni nafuu.

Baada ya kupaka mara ya mwisho, watu waweza kutembea kesho yake, lakini motokaa na irudishwe baada ya siku 7. Chini ya injini weka sinia la bati lenye maranda ya kukinga matone, uyabadilishe yakilowa. Silikati iliyobaki itiwe katika dumu la plastiki lenye kifuniko cha kukaza sana, isiwekwe katika chupa ya kioo wala katika chupa ya soda ambayo mtoto aweza kuidhania kinywaji. Iandikwe jina lake kwa herufi kubwa, na iwekwe juu ya rafu, maana ikipata hewa huganda na haitumiki tena.